Urafiki wa Wapolandi na Wamarekani: jibu kwa dereva wa Chicago

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tengeru, Arusha, ila huu ni mwaka wa sita naendesha malori hapa Chicago. Kampuni yetu imejaa Wapolandi, hata msimamizi wa zamu ni Mpolandi. Kila ikifika Machi wananihubiria habari za Pulaski, wanasema bila babu zao Marekani isingekuwepo. Ofisini wametundika bendera mbili, yao na ya Marekani. Lakini siku moja nilimtaja Roosevelt kwa kumsifia, mzee mmoja akasonya, akatoka nje. Huu ni urafiki wa namna gani? Ni wa watu au wa serikali? Na wale Wapolandi waliozikwa kwetu Tengeru wanahusika, au hayo ni mambo mengine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo, na la mwisho ndilo lililonifanya niweke pembeni rundo la mitihani nikuandikie. Tengeru inahusika, tena sana, na ndiko lilikojificha jibu la mzee wako aliyesonya. Ila hatuwezi kufika huko bila kuzunguka.

Nikupe msimamo wangu mapema. Urafiki huu ni wa kweli, na una umri wa karibu karne mbili na nusu. Lakini haukuwahi kuwa sawa kwa sawa: Wapolandi wamependa kuliko walivyopendwa. Na kila ulipokabidhiwa kwa wakubwa wa serikali ulichechemea, wakati mikononi mwa watu wa kawaida, wenye vifurushi na bahasha zao, umesimama hata miaka ambayo serikali mbili hizo zilitazamana kama paka na mbwa.

Tuanze na Pulaski, maana jina lake unalipita kila siku kwenye kibao cha barabara. Kazimierz Pułaski alizaliwa mwaka 1745 katika ukoo wa mabwana wa ardhi. Alipigana na Warusi kwao, akashindwa, akawa mkimbizi mwenye madeni huko Ufaransa. Benjamin Franklin, aliyekuwa Paris akiwatafutia Wamarekani msaada dhidi ya Uingereza, akampa barua ya kumpelekea Jenerali Washington. Alifika mwaka 1777 na mwezi Septemba akawa tayari yumo vitani Brandywine, ambako alizuia Waingereza kwa wapanda farasi wachache wakati jeshi la Washington likirudi nyuma. Wakampa cheo cha brigedia jenerali na kazi ya kuunda kikosi cha farasi, ndiyo maana wanamwita baba wa askari farasi wa Marekani. Oktoba 1779 alipigwa kombora akishambulia Savannah, akafa siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 34. Marekani alikaa miaka miwili na ushee tu, na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha.

Kwa hiyo madai kwamba bila yeye nchi isingekuwepo yana chumvi nyingi. Lakini usiwacheke wenzako. Hiyo barabara ya Pulaski iliitwa Crawford hadi mwaka 1933, na jina lilipobadilishwa wenye biashara wa barabara ile walikwenda mahakamani. Mvutano ukadumu karibu miaka ishirini. Hawakutaka anwani zao zibebe jina la kigeni lililohusishwa na wabeba nyama wa machinjioni. Kwa hiyo mwenzako anapojivunia kibao kile, anajivunia pia kesi aliyoishinda babu yake aliyekuwa akidharauliwa. Ile Jumatatu ya kwanza ya Machi inayoadhimishwa Illinois ilitafutwa kwa jasho hilo hilo.

Ukitaka mtu ambaye kweli mgeni njoo mwenyeji apone, huyo ni Tadeusz Kościuszko. Alifika Philadelphia mwaka 1776 bila barua ya mkubwa yeyote ya kumpigia debe, akiwa na elimu ya uhandisi wa kijeshi. Wamarekani walikuwa na watu hodari wa kupiga bunduki lakini mafundi wa ngome walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Huko Saratoga, mwaka 1777, ndiye aliyechagua vilima vya kujichimbia na kupanga maboma, na jeshi zima la Waingereza likasalimu amri pale. Ushindi ule ndio uliowashawishi Wafaransa waingie vitani waziwazi, na bila Wafaransa sijui uhuru wa Marekani ungekuja lini. Kisha akapewa West Point, kwenye kona kali ya mto Hudson, akajenga ngome kwa zaidi ya miaka miwili. Ile ambayo jenerali Mmarekani Benedict Arnold alitaka kuwauzia Waingereza mwaka 1780, ile iliyofanya jina lake liwe sawa na usaliti, ilikuwa kazi ya mikono ya Kościuszko. Leo hapo ndipo chuo cha kijeshi cha Marekani kilipo, na sanamu yake inatazama mto.

Katika vita vile msaidizi wake wa karibu kwa miaka kadhaa alikuwa Agrippa Hull, Mwafrika huru wa Massachusetts. Nakutajia kwa sababu linaelekea kwenye jambo ambalo wenzako huenda hawakukusimulia. Kościuszko alirudi kwao mwaka 1784, na mwaka 1794 akaongoza uasi dhidi ya Urusi na Prussia, akiwaita hata wakulima waliokuwa nusu watumwa wa mabwana wao waje na miundu mirefu ya kukatia majani. Alishindwa, akajeruhiwa, akafungwa Urusi. Alipoachiwa akarudi Marekani mwaka 1797, akapokelewa Philadelphia kama mfalme. Bunge la Marekani likamlipa mshahara wa vita uliokuwa haujalipwa, pamoja na riba. Zaidi ya dola elfu kumi na mbili, pesa nyingi wakati ule.

Mei 1798, kabla ya kuondoka mara ya mwisho, aliandika wosia. Fedha zake zote za Marekani alimwachia rafiki yake Thomas Jefferson zitumike kununua watumwa, hata watumwa wa Jefferson mwenyewe, waachwe huru, wasomeshwe, wafundishwe kazi, wapewe na kitu cha kuanzia maisha. Fikiria: mtu kutoka nchi iliyofutwa kwenye ramani anamwambia mwandishi wa tamko la uhuru wa Marekani, mmiliki wa mamia ya watumwa, "chukua pesa zangu, waachie."

Jefferson alimsifu Kościuszko maisha yake yote, alimwita mwana halisi wa uhuru. Lakini Kościuszko alipofariki Uswisi mwaka 1817, Jefferson, aliyekuwa na umri wa miaka 74, alijitoa kwenye usimamizi wa wosia. Mali ikaingia mahakamani, ndugu wakajitokeza, wosia mwingine ukatokea Ulaya, na mwaka 1852 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ule wa 1798 ulishafutwa. Fedha wakapewa jamaa zake. Hakuna mtumwa hata mmoja aliyekombolewa. Mimi nikifundisha somo hili, hapa ndipo ninapotua mzigo na kukaa. Urafiki wote huu una kitu cha wosia ule: Mpolandi anaiamini ahadi ya Marekani kuliko Mmarekani aliyeiandika.

Poland ilifutwa kweli. Urusi, Prussia na Austria waliigawana mara tatu, mwaka 1772, 1793 (safari hiyo bila Austria) na 1795, kama nyama ya mnada. Kwa miaka 123 hakukuwa na nchi ya jina hilo. Katikati ya balaa hilo, tarehe 3 Mei 1791, walipitisha katiba iliyoandikwa, ya kwanza Ulaya ya aina yake, miaka michache tu baada ya ile ya Marekani. Ukiona gwaride la Wapolandi hapo Chicago mwezi Mei, wanasherehekea katiba ambayo haikudumu hata miaka miwili.

Sasa watu wa kawaida. Mwaka 1854 familia za wakulima kutoka Silesia, chini ya padri Leopold Moczygemba, zilifika Texas zikaanzisha kijiji cha Panna Maria, maana yake Bikira Maria. Misa ya mkesha wa Krismasi waliisalia chini ya mti wa mwaloni. Hao walikuwa wachache. Mafuriko yalikuja kati ya miaka ya 1870 na 1914, kiasi cha watu milioni mbili. Kwa Kipolandi safari hiyo ina jina, za chlebem, yaani kuufuata mkate. Wewe uliyefuata ugali Chicago huhitaji tafsiri. Walijaza machinjio ya Chicago, viwanda vya chuma vya Pittsburgh, magari ya Detroit, machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Walituma hela nyumbani, walijenga makanisa makubwa kuliko uwezo wao, walianzisha vyama vya kuzikana na kufaana ambavyo vingine vipo hadi leo. Polish National Alliance, kilichoanzishwa mwaka 1880, kilianza kwa mtindo ambao wewe ungeuita upatu na bima kwa pamoja.

Usidhani walipokewa kwa zulia. Tarehe 10 Septemba 1897, huko Lattimer, Pennsylvania, wachimba makaa waliogoma, Wapolandi, Waslovakia na Walithuania, waliandamana bila silaha na bendera ya Marekani mbele yao. Sherifu na watu wake wakafyatua risasi. Kumi na tisa wakafa. Mahakama ikawaachia wafyatuaji wote. Na vichekesho vya kuwaita Wapolandi wajinga vilibaki kwenye televisheni za Marekani hadi wazee wako wa ofisini wakiwa vijana. Waulize. Wanavikumbuka.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyofanya Mpolandi wa kijijini aamini kwamba Marekani ni baba mlezi. Mpiga kinanda Ignacy Jan Paderewski, nyota wa majukwaa ya dunia nzima, alizunguka Marekani akitoa maonyesho na hotuba kwa mamia, akipigia debe nchi isiyokuwepo, mpaka sauti ikamfikia Rais Woodrow Wilson kupitia mshauri wake. Tarehe 8 Januari 1918 Wilson alitaja nukta 14 za amani. Ya 13 ilisema pawe na Poland huru yenye njia ya kwenda baharini. Wapolandi zaidi ya elfu ishirini wa Marekani walijitolea kwenda kupigana Ufaransa katika jeshi la Jenerali Haller, lililoitwa la bluu kwa sababu ya sare. Novemba ile nchi ikarudi, na mwaka uliofuata Paderewski akawa waziri mkuu. Alifia New York mwaka 1941 wakati nchi yake imekaliwa tena. Mwili wake ukawekwa Arlington usubiri, ukarudishwa Warszawa mwaka 1992. Moyo wake ulibaki Marekani, umehifadhiwa katika kanisa la Doylestown, Pennsylvania. Siongei kwa mafumbo, ni moyo wenyewe.

Nchi mpya ilizaliwa na njaa. Herbert Hoover, ambaye bado hakuwa rais, aliongoza shirika la misaada lililokuwa likilisha zaidi ya watoto milioni moja wa Poland kila siku kufikia mwaka 1920: mkate mweupe, supu ya maharage, wali wa maziwa, kakao. Wazee wa Poland waliozaliwa enzi zile walikuwa wakisimulia ile kakao hadi uzeeni, kama wazee wetu wanavyosimulia maziwa ya shule. Huko Lwów, mji uliokuwa wa Poland wakati ule, mmoja wa wagawaji wa chakula alikuwa Kapteni Merian Cooper, rubani. Poland ilipoingia vitani na Urusi ya Kibolsheviki alikusanya marubani Wamarekani, wakaunda kikosi wakakiita Kościuszko. Nembo yao ilikuwa kofia ya wakulima wa 1794 na miundu miwili iliyopishana, juu ya nyota na mistari ya Marekani. Cooper alidunguliwa mwaka 1920, akashikwa, akatoroka kwa miguu hadi Latvia. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuongoza filamu ya King Kong mwaka 1933. Wenzake watatu hawakurudi kwao. Na nembo ile haikufa: marubani wa Kipolandi wa kikosi namba 303 waliibandika kwenye ndege zao mwaka 1940, wakiilinda anga ya London.

Nimefika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1926 Marekani ilikuwa inatimiza miaka 150. Wapolandi, nchi maskini, ikitoka vitani, wakaamua kupeleka zawadi. Hawakuwa na dhahabu. Wakapeleka majina. Karatasi zilizungushwa kwenye shule, wizara, mabaraza ya wilaya, kambi za jeshi, parokia, masinagogi. Watoto wa darasa la kwanza waliandika kwa mkono unaotetemeka, na wachoraji wakubwa wa nchi wakapamba kurasa. Zilipokusanywa zilikuwa sahihi zipatazo milioni tano na nusu, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila sita nchini, katika majuzuu 111 yenye kurasa kama elfu thelathini. Oktoba 1926 alikabidhiwa Rais Coolidge. Yakapelekwa Maktaba ya Bunge huko Washington, na huko yakakaa miongo mingi bila mtu wa kuyafungua. Sasa kurasa zote zipo mtandaoni, na watu wa Poland wanatafuta humo sahihi za bibi zao, maana madaftari mengi ya shule na watoto wengi walioyaandika waliteketea baada ya 1939. Kwa vijiji vingine vya Wayahudi, ukurasa ule wa shule ndio pekee unaoonyesha darasa zima likiwa hai.

Sasa tazama na upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1924, miaka miwili kabla ya zawadi ile, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kubana wahamiaji wa Ulaya ya mashariki na kusini. Kabla ya vita walikuwa wakiingia Wapolandi zaidi ya laki moja katika mwaka mmoja. Sheria iliiruhusu Poland watu chini ya elfu sita kwa mwaka. Mlango ulifungwa, na aliyefungiwa akatuma barua ya shukrani yenye majina milioni tano na nusu. Kuna wanaouita ujinga huo. Mimi siuoni hivyo. Hawakuwa wanaishukuru sheria wala Bunge; walimshukuru aliyeleta kakao, na shangazi aliyetuma dola kutoka Chicago.

Haya, Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1939 Hitler na Stalin waliigawana Poland. Mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwabeba mamia ya maelfu ya Wapolandi wa mashariki kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin, mkataba wa Julai 1941 uliwafungulia waliobaki hai. Wanaume wakaingia jeshi la Jenerali Anders. Wanawake, watoto na yatima wakavuka hadi Uajemi mwaka 1942, na kutoka hapo meli ziliwaleta Mombasa, Tanga, Dar es Salaam. Kiasi cha elfu kumi na nane waliishia katika makambi ya Afrika: Masindi na Koja huko Uganda, Kidugala, Ifunda, Kondoa na kwingine Tanganyika, na kambi kubwa kuliko zote, yenye watu kama elfu tano, ilikuwa kwenu, karibu na Ziwa Duluti. Bibi yako huenda aliwauzia ndizi. Vile vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa vilikuwa nyumba zao.

Waliamini wamepitisha vita tu, kisha watarudi. Lakini Desemba 1943, huko Tehran, Roosevelt alimwambia Stalin faraghani kwamba anakubali mpaka wa Poland usogezwe magharibi, ila hawezi kulisema hadharani kwa sababu mwaka 1944 kuna uchaguzi na Marekani ina wapiga kura milioni sita au saba wenye asili ya Poland, na hapendi kupoteza kura zao. Hiyo si tetesi ya vijiweni, imo kwenye kumbukumbu za kikao zilizoandikwa na Wamarekani wenyewe. Kisha tarehe 11 Oktoba 1944, siku ya kitaifa ya kumkumbuka Pulaski (ile ya Machi ni ya Illinois), aliwakaribisha Ikulu viongozi wa Wapolandi wa Marekani. Ukutani palitundikwa ramani kubwa ya Poland yenye mipaka ya kabla ya vita. Wakatoka wamefurahi. Wakampigia kura. Februari 1945, kwenye mkutano wa wakubwa huko Yalta, mambo yakapigwa muhuri: nusu ya mashariki kwa Stalin, na iliyobaki chini ya serikali aliyoiweka Stalin, kwa ahadi ya uchaguzi huru ambao haukuja. Julai ile Marekani ikaacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, wakati askari wake walikuwa wamemwaga damu Monte Cassino bega kwa bega na Washirika.

Wanaomtetea Roosevelt husema jeshi la Urusi lilikuwa tayari limeikalia Poland na hakuna ambaye angelitoa bila vita nyingine. Hoja hiyo ina uzito, naikubali. Kinachomfanya mzee wako asonye ni ile ramani ukutani. Mtu anaweza kukusamehe kwa kushindwa kumsaidia. Kukuchekea huku ameshakuuza, hilo linarithiwa.

Na hapa ndipo Tengeru inapoingia. Wengi wa waliokuwa kambini kwenu walitoka upande ule uliogawiwa Urusi. Vita ilipokwisha, kwao hakukuwa tena Poland, na utawala uliowabeba kwa mabehewa hawakuwa tayari kuukaribia tena. Wakabaki Meru wakilima bustani na kusomesha watoto hadi kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakatawanyika Uingereza, Australia, Kanada, Marekani. Mwaka 1949 yatima zaidi ya mia moja waliokuwa Tengeru walisafirishwa kupitia Italia na Ujerumani wakati serikali mpya ya Warszawa ikidai warudishwe, na meli ya Kimarekani ikawavusha Atlantiki hadi Halifax, Kanada. Sheria ya Marekani ya 1948 ya kupokea watu waliopoteza makwao iliwaingiza Wapolandi wengi pia, na baadhi yao ndio waliokuja kujaza mitaa ya Chicago unayopita na lori. Serikali iliyouza kijiji chao ikawafungulia mlango; au tuseme jamaa zao waliotangulia waliusukuma ukafunguka, maana walikuwa na kura, na safari hii walizihesabu wenyewe.

Miaka ya ukomunisti naipita kwa haraka, si kwa kuwa ni midogo bali kwa kuwa wenzako wataisimulia vizuri kuliko mimi. Vifurushi: kahawa, dawa, jeans, chokoleti. Redio ya Kipolandi kutoka Munich, iliyolipiwa na Marekani, watu wakiisikiliza usiku chini ya blanketi huku mitambo ya serikali ikipiga kelele kuizima. Hospitali ya watoto ya Kraków, iliyojengwa kwa fedha za Marekani na kufunguliwa mwaka 1965, katikati ya nchi ya kikomunisti. Desemba 1981 jeshi lilipotwaa madaraka kukivunja chama cha wafanyakazi cha Solidarność, balozi wa Poland mwenyewe, Romuald Spasowski, alijisalimisha kwa Wamarekani akamwomba Rais Reagan awashe mshumaa dirishani usiku wa Krismasi. Reagan akauwasha, akawaomba Wamarekani wote wawashe. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vikapenyeza mashine za kuchapa na fedha kwa wenzao. Ndiyo maana Warszawa kuna sanamu ya Reagan. Tarehe 15 Novemba 1989 fundi umeme Lech Wałęsa alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaanza na maneno matatu ya mwanzo wa katiba yao, "Sisi, watu wa". Wabunge wakainuka kabla hajafika sentensi ya pili.

Tangu hapo serikali mbili zimekuwa marafiki rasmi, na urafiki rasmi una bei yake. Oktoba 1990 majasusi wa Poland, waliokuwa wakomunisti hadi jana yake, waliwatorosha maofisa sita wa Kimarekani kutoka Iraki ya Saddam kwa kuwachanganya na wafanyakazi wa ujenzi wa Kipolandi. Mwaka uliofuata nusu ya deni la Poland kwa nchi wakopeshaji ilikatwa, Marekani ilisukuma. Machi 1999 Poland iliingia NATO. Mwaka 2003 askari wake walikwenda Iraki. Lakini mwanajeshi yule yule akitaka kumtembelea shangazi Chicago alipanga foleni ya viza hadi Novemba 2019, wakati Mmarekani aliingia Poland bila viza tangu 1991. Na kuna doa ambalo ofisini kwenu halitatajwa: jumba la siri la Stare Kiejkuty, ambako shirika la ujasusi la Marekani liliwashikilia na kuwatesa watu kati ya 2002 na 2003. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Poland kwa hilo mwaka 2014. Rafiki alifanya uovu nyumbani kwa rafiki, na aliyepelekwa mahakamani ni mwenye nyumba. Leo kuna maelfu ya askari wa Marekani nchini humo na kambi ya Poznań imepewa jina la Kościuszko. Vita ya Ukraine ikiwa mlangoni, Wapolandi wanawataka pale. Wanajua pia, tangu Yalta, kwamba ngao ya mtu mwingine unaipima kila asubuhi.

Kwa hiyo ukiulizwa ni urafiki wa watu au wa serikali, jibu: wa watu, unaokopeshwa kwa serikali, na serikali hazirudishi kila mara. Msemo wetu kwamba udugu ni kufaana si kufanana unawafaa, ila uongeze kwamba hawa wamefaana kwa zamu ndefu sana na zamu nyingine zilirukwa.

Mzee wako mwache, usimwombe radhi kwa makelele. Siku mkinywa kahawa mwambie tu unatoka Tengeru. Kama ni wa kizazi chake ninavyodhani, jina hilo atalijua. Kisha ukienda likizo, pita makaburini, piga picha misalaba yenye majina ya miji ya kuzaliwa: ukikuta Lwów, Równe au Stanisławów, ujue leo ni Ukraine, Grodno na Pińsk ziko Belarus, Wilno ni Vilnius ya Lithuania. Mpelekee. Majina yale hayatamkiki kwetu, atakusomea yeye.